Mbuzi Hajachinjwa na Mechi Imeanza

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, Miriti alikuwa ameshika pindo la leso huku roho yake iko mkononi. Msomaji mmoja wa Karatina alinipigia simu akaniambia kwamba nikimning'iniza tena wiki nzima, atahamia gazeti la jirani. Basi tulia, ndugu yangu. Jamaa anavuta.

Akavuta.

Chini ya leso hapakuwa na Wanja. Palikuwa na ajuza mwenye meno machache na tabasamu pana, naye alimdaka Miriti shingoni kabla hajapata nafasi ya kurudi nyuma.

"Amenichagua," ajuza akatangaza. "Wote mmeona. Ameacha hawa watoto wote akanichagua mimi."

Boma zima la Mzee Kinuthia likaangua kicheko. Wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakagonga fimbo chini, na mpiga picha akapanda juu ya kiti cha plastiki, ambacho kilivunjika.

Aliyechaguliwa ni Cucu Nyaguthii, nyanya yake Wanja, mama mzazi wa Mzee Kinuthia.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia nyama, nitakueleza upesi. Miriti ni namba nane wa Majengo Stars, timu ya Nyeri. Mashabiki humwita Rula kwa sababu pasi zake hunyooka. Amekuja Kutus kufanya ngurario, ile sherehe ambayo bila hiyo Mkikuyu hakubali kwamba binti yake ameolewa. Siku hiyo mkwe hukata kiande, yaani bega la mbuzi, mbele ya wazee. Lakini kabla ya kukata, lazima amtambue mchumba wake kwenye mstari wa wanawake waliofunikwa leso kuanzia utosini hadi vidoleni.

Hayo ni ya kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba saa tisa alasiri hiyo hiyo, Majengo Stars walikuwa na mechi ya mwisho ya msimu pale Kerugoya, mwendo mfupi tu kutoka Kutus. Wapinzani wao ni Kutus Nyuki. Na mwenyekiti wa Kutus Nyuki, anayewanunulia jezi na kuwatukana makocha, ni Mzee Kinuthia mwenyewe, mfanyabiashara wa mchele, baba yake Wanja.

Tarehe ya ngurario ilipangwa na nani? Haya, jijibu mwenyewe. Mkwe mtarajiwa hapingi tarehe. Miriti aliambiwa mambo yataisha kabla ya saa sita, akaamini, kwa maana mtu aliyependa huamini hata yale ambayo mbuzi angeyatilia shaka.

Kocha Masinde alikuwa amemweleza wazi. Majengo wakishinda watapanda ligi kuu, na Miriti ataongezewa mwaka mmoja. Wasiposhinda, basi. Miriti ana miaka thelathini na mitatu. Kwa mwalimu huo ni umri wa kupandishwa cheo. Kwa kiungo ni umri wa kuulizwa na mashemeji, "Na siku hizi unafanya nini?" Alikuwa amecheza Nairobi, akacheza Omani mpaka ngozi ikambabuka, akarudi huku kwetu Mlima Kenya na begi moja na jina ambalo watangazaji wa redio walikuwa wameanza kulikosea. Hii mechi ndiyo iliyobaki kati yake na maisha ya kununua ng'ombe Doldol na kuwauza Nyeri. Ng'ombe hana ubaya. Ila hapigiwi makofi.

Basi Cucu Nyaguthii amemkumbatia, na Miriti anajiuliza alikosea wapi. Hakuwa amebahatisha. Alisoma mstari ule wa leso kama anavyosoma mabeki. Alitafuta mwanamke anayetupa uzito wote kwenye mguu wa kushoto, maana hivyo ndivyo Wanja husimama hata akiwa jikoni. Akampata. Hakujua tu kwamba Wanja aliurithi msimamo huo kwa nyanya yake.

"Chagua tena," akaambiwa.

Akachagua tena, akatoa shangazi mnene ambaye alikuwa anatafuna kitu. Akachagua mara nyingine, akatoa jirani aitwaye Jeniffer, ambaye alikuwa amekuja kuleta sufuria tu na akawekwa kwenye mstari kwa sababu ya kimo chake. Mwishowe wanawake wenyewe wakachoka na joto, wakajifunua.

Wanja hakuwepo.

Kicheko kikakatika. Miriti akamgeukia Mzee Kinuthia. Mzee alikuwa ameketi kwenye kochi la ngozi lililotolewa sebuleni, kofia ya manyoya kichwani, na hakuonekana kushtuka vya kutosha.

"Msichana ako njiani," alisema. "Ameenda kupaka kucha rangi."

Sasa Miriti akajua kuna jambo. Wanja hukanda misuli ya wachezaji kwa kazi. Ndiye fizio wa Kutus Nyuki, na mkono wake ukishashika paja la beki, beki hulia kwa lugha ya mama. Kucha zake huwa fupi mwaka mzima. Huyo mwanamke hajawahi kupaka kucha rangi tangu azaliwe.

Akafungua mdomo kusema hivyo. Mjomba wake akamkanyaga.

Mjomba huyo ni Mzee Mburugu wa Nkubu, mkulima wa chai, msemaji wa msafara kutoka Meru. Na siku ya ngurario, msomaji wangu, bwana harusi hana mdomo. Anaketi kama maji mtungini. Msemaji ndiye huuliza, hujibu, huomba na hushukuru. Hata kama nyumba inaungua, bwana harusi humnong'oneza msemaji, na msemaji huwaarifu wazee kwa heshima kwamba kuna moshi.

Hata simu Miriti hakuwa nayo. Mburugu aliichukua asubuhi akaitia kwenye mfuko wa koti lake, akisema hatavumilia kijana wa kucheza na simu mbele ya wakwe.

Mzee Kinuthia akakohoa. Akajiweka sawa kwenye kochi. Akauliza kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayemimina chai.

"Nauliza wageni wetu kutoka Meru. Kwani mko na haraka?"

Miriti akaliona swali hilo likija. Akamvuta mjomba mkono wa koti. Akamfinya. Akamwambia chini kwa chini, "Mechi, uncle. Mechi."

Mburugu alikuwa amekwisha kusimama.

"Haraka ya nini?" alisema, mikono imefunguka. "Muthoni wangu, mkwe wangu, sisi watu wa Meru hatuendi kwa mkwe tukiwa na haraka. Haraka haraka haina baraka. Hata mkituambia tulale, tunalala. Hata mkituambia tungoje mpaka huyu kijana azae mtoto wa kwanza, tunangoja hapa hapa kwa hii tenti."

Makofi yakapigwa. Mburugu akainama kidogo, akaketi, akapangusa jasho kwa leso ya mfukoni. Alijua amejibu vizuri.

Na kweli alijibu vizuri. Huko kwetu mlimani hakuna jibu lingine. Mgeni anayesema ana haraka amemwambia mwenyeji kwamba chakula chake si kitu, binti yake si kitu, na mbuzi wake ni paka. Hata mtu ambaye gari lake linawaka moto nje ya geti husema hana haraka. Kinuthia alilijua hilo tangu siku alipopanga tarehe. Alikuwa ameutega mguu wake hapo muda mrefu akingoja krosi moja tu, na Mburugu akaipiga kwa mikono miwili.

"Mmesikia wenyewe," Kinuthia akawaambia wazee. "Hawana haraka. Basi hiyo mbuzi muiache ikule nyasi kidogo. Naona ni kama imekonda."

Watu wakageuka kumtazama mbuzi. Alikuwa amefungwa kando ya tangi la maji, mnene kama godoro, anatafuna bila wasiwasi. Kabla hajachinjwa hakuna bega. Kabla ya bega hakuna kukata. Na bwana harusi akiondoka kabla ya kukata, ametema mate kwenye boma la wakwe, na hata Wanja angekubali kuolewa naye, ukoo mzima ungekataa.

Simu ikalia kwenye koti la Mburugu.

Miriti akaijua hiyo sauti. Ilikuwa ni mlio aliomwekea kocha peke yake, ili asije akaupuuza. Akanyoosha mkono. Mburugu akaupiga kofi, akatoa simu, akaiweka sikioni huku akiwatabasamia wazee.

"Haro. Eeh. Eeh, ako hapa. Hapana. Hapana, bwana, sisi hatuna haraka."

Akakata.

"Ni nani?" Miriti akanong'ona, ingawa alijua.

"Kuna mtu mmoja anaitwa Masinde. Ati anauliza kama utafika. Nimemwambia asikusumbue."

Miriti akafunga macho. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Chakula kikaja. Mukimo wa kijani, mchele wa Mwea, kuku, viazi, kabeji, chapati. Cucu Nyaguthii akavuta kiti, akajiweka kando ya Miriti kama mke halali, akaanza kumpakulia. Ajuza wa Kikuyu humwita mjukuu wake "bwana yangu" tangu mtoto akiwa kwenye nepi, na mjukuu humtania vile atakavyo. Na leo huyu wake amemchagua mbele ya watu, kwa hiyo utani ulikuwa na mashahidi.

"Kula," alisema. "Mwanaume wa kunichagua mimi lazima akuwe na nguvu."

"Cucu, nikikula hii yote sitakimbia."

"Utakimbia uende wapi? Umeoa."

Akala. Huwezi kukataa chakula cha mkono wa ajuza. Mukimo ukashuka tumboni, ukaketi, ukaagiza wenzake. Saa ya ukutani, iliyoonekana kupitia dirisha la sebule, ilikuwa imepita saa nane. Mzee Kinuthia alikuwa ameficha spika ndogo ya simu sikioni, chini ya kofia, na kila mara aliikunja shingo kusikiliza. Alikuwa anafuatilia timu yake ikipasha misuli.

Hapo Miriti akavunjika. Msemaji ndiye husema na wazee, lakini hakuna mila inayomzuia mtu kusema na nyanya yake wa utani. Akamwinamia Cucu, na macho yake yakalowa, na hakuona aibu.

"Cucu, nikikosa hii mechi nimeisha. Na nikitoka hapa bila kukata kiande, nimekosa Wanja. Mimi sijui kazi ingine. Tangu niwe mdogo sijawahi jua kitu ingine, ni mpira tu."

Cucu akaacha kupakua.

"Na unafikiri Wanja ako wapi?"

"Sijui."

"Ako job. Jana nilisikia na haya masikio akiambia baba yake, mimi siwezi olewa siku ya gemu, timu haina fizio mwingine. Akaambiwa, utakuja tu. Hiyo ndio shida ya Kinuthia. Anafikiri kila mtu atakuja tu."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Amekutumia mesej asubuhi yote."

Miriti akatazama mfuko wa koti la mjomba. Mjomba alikuwa anaomba aongezwe kuku.

Cucu akasimama. Hakuomba ruhusa wala kipaza sauti. Aligonga fimbo yake kwenye mguu wa meza mpaka sufuria zikatetemeka.

"Kinuthia. Bwana yangu ananipeleka mpira."

Watu wakacheka. Kinuthia pia alicheka, kidogo.

"Mami, wacha hiyo. Hiyo ilikuwa tu mchezo ya kuchekesha wageni."

"Nani alisema ni mchezo? Nyinyi mlinitoa kwa kiti yangu. Mkanifunika na leso tatu kwa hii jua. Mkanipanga kwa laini. Mkwe akaletwa mbele ya wazee akaambiwa, chagua bibi yako. Akachagua. Sasa mnataka kuniambia mlikuwa mnadanganya mkwe?"

Kicheko kikageuka. Mzee mmoja aitwaye Mathenge, mkubwa wa wazee wote pale, akajikuna kidevu.

"Hapo mama ako na haki," alisema. "Akitaka atembezwe na bwana yake, atembezwe. Halafu warudi wote. Kiande haiwezi katwa bwana harusi akiwa ametumwa na bibi yake."

"Lakini Wanja ndio bibi arusi," Kinuthia akasema.

"Wanja ako wapi?" Cucu akamuuliza.

Kinuthia akaitengeneza kofia yake. Kama angesema Wanja yuko kazini, angekiri kwamba alijua tangu jana. Kama angesema yuko saluni, basi mkwe alikuwa na haki ya kungoja popote, hata uwanjani. Na zaidi ya hayo, aliyekuwa anamkodolea macho ni mwanamke aliyemzaa.

"Na mtaenda na gari gani?" aliuliza, akiwa ameanza kushindwa.

"Yako," Cucu akasema.

Basi wakaenda. Hakuna aliyetaka kubaki, na kuwapakia watu wote hao kwenye magari kulikula zaidi ya saa nzima. Mburugu aliposikia mkwe anatoka na nyanya, alitangaza kwamba msafara wa Meru utawasindikiza, na kwamba hawana haraka ya kurudi. Wanawake wakapanda gari la kubebea mchele wakiwa na leso zao. Kinuthia mwenyewe ndiye aliyeendesha, na ukweli usemwe, aliendesha kama mtu aliyekuwa anatamani kwenda tangu asubuhi. Miriti alivulia suti kwenye kiti cha nyuma, Cucu akiwa kando yake anamshikia suruali na kutoa maoni juu ya miguu yake.

Walipoingia Kerugoya kipindi cha pili kilikuwa kimeanza. Matokeo yalikuwa bao moja kwa bao moja. Kutus walihitaji sare tu ili wapande wao. Majengo walihitaji bao.

Kocha Masinde, mtu wa Bungoma, alikuwa amesimama mstarini mikono imefungwa kifuani. Hakugeuka.

"Nimesikia hamna haraka," alisema.

"Kocha, huyo alikuwa uncle."

"Mimi nimefundisha mpira miaka mingi. Kuna wachezaji wanachelewa kwa sababu ya pombe. Kuna wale wa wanawake. Wewe ni wa kwanza kuchelewa kwa sababu mbuzi hajafa."

"Niweke ndani, kocha."

"Jezi yako iko na Maxwel. Anaonekana mgonjwa?"

Hakuonekana mgonjwa. Maxwel, kijana wa miaka ishirini, alikuwa anakimbia uwanja mzima na namba nane mgongoni, na bao la Majengo alikuwa amelifunga yeye. Mashabiki wa Majengo, waliotoka Nyeri na vuvuzela zao, walikuwa wanaimba jina lake. Miriti akaketi benchi. Alimtamani kijana yule akosee pasi moja, na papo hapo akajichukia kwa kutamani hivyo, kisha akatamani tena.

Mbele kidogo kwenye mstari ule ule, kwenye benchi la Kutus, alikuwepo Wanja. Koti la timu, mkoba wa dawa begani, uzito kwenye mguu wa kushoto. Alipomwona Miriti akatembea hadi mwisho wa mstari.

"Umekata?" alipaza sauti.

"Hata haijachinjwa."

"Si nilikutumia mesej?"

"Simu iko kwa uncle. Nimechagua cucu yako."

"Nini?"

"Nimechagua Cucu."

Mshika kibendera, aliyekuwa katikati ya mazungumzo hayo, akawaambia wakamalizie nyumbani.

Muda ukayoyoma. Kutus wakaanza kujilalisha chini ovyo ovyo ili dakika ziishe, na Mzee Kinuthia jukwaani akawapigia makofi kila walipolala. Kisha akaanguka mtu ambaye hakuwa anajifanya. Maxwel. Misuli ya mapaja yote mawili ilikuwa imekaza, na kijana alikuwa anatambaa kuelekea nje kwa viwiko.

Majengo hawakuwa na fizio. Walikuwa na maji na maombi. Wanja hakungoja kuitwa, alikata uwanja akamfikia, akamkanda kidogo, akamtikisia Masinde kichwa.

Masinde akatazama benchi lake. Akatazama tena, kana kwamba labda kuna mtu mwingine amejificha nyuma ya maji.

"Rula. Ingia."

"Sijapasha misuli."

"Ungepasha saa ngapi, ukiwa arusi? Ingia. Na usikimbie, utatapika. Wakimbize wao."

Akaingia. Jukwaani Cucu Nyaguthii akasimama juu ya kiti, akamwambia kila aliyekuwa karibu kwamba huyo ni bwana yake.

Na sasa nisikilize, wewe unayesema umri wa mtu ni ugonjwa. Miriti alisimama katikati ya uwanja ule na mukimo wake tumboni, hata hatua kumi hakukimbia, na mpira ukaanza kumtii. Alipokea, akatoa. Alipokea, akageuza shingo upande huu na mguu upande ule, na viungo wa Kutus wakaenda kuzuia pasi ambayo haikuwepo. Mashabiki waliokuwa wanaimba jina la Maxwel wakanyamaza kwanza, halafu wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu wanaotazama mwizi hodari akifanya kazi. Hata Kinuthia aliacha kupiga makofi.

Miriti alikuwa na furaha. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakufikiria mkataba, hakufikiria mbuzi. Alijua kila mtu yuko wapi na atakuwa wapi, na hakuna mahali pengine duniani alipowahi kujua hivyo.

Mwamuzi akatazama saa yake. Kipa wa Majengo akaupiga mpira mrefu, ukaguswa kichwa, ukamwangukia Miriti kifuani. Mbele yake beki wa Kutus aitwaye Wamae akateleza. Njia ikafunguka mpaka langoni.

Palikuwa na mtu wa kumpa pasi upande wa kulia. Kiungo mwenye akili timamu, wa miaka thelathini na mitatu, aliyekula vile, hutoa pasi. Masinde alikuwa anapiga kelele kwamba atoe pasi.

Liwalo na liwe. Miriti akakimbia.

Alikimbia kama hakuwahi kula. Akaingia kwenye boksi, kipa akatoka, naye Miriti akaukita mguu wake wa kushoto chini kwa nguvu zake zote na kupiga kwa wa kulia. Wakati ule ule mpira ulipotoka, mtu akampiga teke kwenye kisigino kutoka nyuma. Teke baya, la makusudi. Akasikia hata mlio wa teke lenyewe.

Akaanguka kifudifudi. Kelele zikalipuka uwanjani. Vigelegele vikapigwa, lakini siku hiyo wanawake wa Meru na wa Kutus walikuwa wamekaa jukwaa moja, na hakujua ni wepi waliopiga. Hakuangalia lango. Aligeuza shingo kwa hasira ili amtukane Wamae.

Wamae alikuwa mbali, bado anajizoa pale alipoteleza. Nyuma ya Miriti hapakuwa na mtu hata mmoja.

Wanja alifika mbio. Akapiga magoti kwenye nyasi, akamkandamiza mgongo asigeuke.

"Lala hivyo hivyo."

"Imeingia?"

"Nimesema lala."

"Wanja, niambie tu kama imeingia."

Wanja alimvua viatu vyote viwili, akaanza na mguu wa kulia. Akalibinya shavu la mguu, na wayo ukajisogeza wenyewe. Kila mtu aliyezeeka kwenye mpira anakijua kipimo hicho. Mshipa wa kisigino ukiwa mzima, ukibinywa hapo juu, wayo husogea hata kama mwenyewe amelala usingizi. Usiposogea, mshipa umekatika, na hukatwi mshahara tu, unakatwa jina. Miriti alikuwa amekaa kando ya wenzake wakipimwa hivyo na wayo ukakataa, Nairobi na Omani, na hakuna hata mmoja wao aliyerudi uwanjani.

Mikono ya Wanja ikahamia mguu wa kushoto.

Miriti hakuweza kuona nyuma yake. Aliona nyasi, na kivuli cha Masinde, na ncha ya koti la Wanja. Uwanja ulikuwa bado unapiga kelele. Alisahau kuuliza tena kuhusu mpira.

Alihisi vidole vya Wanja vikimbinya.

"Umesogea?" aliuliza.

"Ngoja," Wanja akasema, na sauti yake haikuwa ile anayoijua. Akabinya tena.